Ndondocha, malaika na swali la kijana wa Masasi

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Masasi, na ni Mkristo. Wiki iliyopita niliwaambia wanafunzi kwamba ndondocha, yule marehemu anayedaiwa kufugwa na mchawi, ni hadithi tu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona. Kijana mmoja akanyoosha mkono: 'Mwalimu, na malaika umewahi kumwona?' Darasa likalipuka kwa kicheko, nami nikakosa la kusema. Tangu siku hiyo najiuliza: kuamini yaliyomo kwenye Biblia au Kurani kuna tofauti gani na kuamini ndondocha, majini na chunusi, yule wa kuzamisha watu mtoni? Au ni kitu kilekile kilichovalishwa kanzu?"

Marahaba, mwalimu. Kwanza nakuomba huyo kijana usimnunie. Amekushika mahali ambapo hoja yako ilikuwa dhaifu kweli, na kumwuliza mwalimu vile mbele ya wenzake kunataka moyo. "Hakuna aliyemwona" ni panga linalokata huku na huku: Mungu haonekani, malaika hawaonekani, na kesho mwenzake wa fizikia atakuuliza habari za elektroni. Isitoshe, si kweli kwamba hakuna aliyemwona ndondocha. Ukikaa barazani jioni moja katika kijiji chochote kati ya Masasi na Newala, hutakosa mtu wa kukuapia kwamba alimwona kwa macho yake, alfajiri, pembezoni mwa shamba la mikorosho, akilima bila kuinua kichwa. Hoja hiyo irudishe darasani uifute mbele yao. Nimefundisha dini na mila kwa miaka mingi, na sijaona mwalimu aliyevunjiwa heshima kwa kusema "pale nilikosea".

Sitakueleza nani yupo na nani hayupo. Umeuliza kama kuamini huku na kuamini kule ni kitu kimoja, nami nasema si kimoja, ila mpaka wake haupiti pale ulipouchora wewe.

Tuanze na neno lililokuponza. Ulisema ndondocha "ni hadithi tu". Hadithi, katika Kiswahili chetu, imebeba mizigo miwili. Sheikh akilitamka msikitini ana maana ya neno au tendo la Mtume lililopokewa mtu kwa mtu, na kila aliyepokea anatajwa: fulani kamsikia fulani, naye kamsikia fulani. Mnyororo huo huitwa isnadi. Watu kama Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, walimaliza maisha yao wakiuchunguza: huyu alikuwa mkweli? Alikutana kweli na yule anayedai kumsikia, au mmoja alikufa kabla mwingine hajazaliwa? Hadithi yenye mnyororo mbovu ikaitwa dhaifu, na zile za kutungwa zikakusanywa kwenye vitabu vyake maalumu ili watu wazijue na wazikwepe.

Bibi naye akisema "hadithi, hadithi" jioni baada ya chakula, watoto tunamwitikia vipi? "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Sikiliza vizuri tunachokiri pale. Uongo njoo. Mkataba tumeufunga mlangoni kabla zimwi halijatokeza kichwa, kwa hiyo bibi hajamdanganya mtu. Zimwi linalommeza msichana mkaidi halidai kusadikiwa. Linadai tukae kimya tusikilize. Sijaona mtoto aliyekwenda kupeleleza lilikuwa linaishi kijiji gani.

Ndondocha hana "uongo njoo". Husimuliwa kwa sauti ya chini, bila kiitikio, na anayesimulia hutaja shamba, hutaja mwaka wa msiba, huonyesha kwa kidevu nyumba ya anayedaiwa kumfuga: kwamba kaburini lilizikwa gogo la mgomba, na marehemu yuko hai, kakatwa ulimi, analishwa pumba, analima usiku. Kwa hiyo, mwalimu, mbele yako palikuwa na vitu vitatu: ngano za bibi, uvumi wa viumbe wanaoogopwa, na maandiko. Wewe ulivitia viwili vya mwanzo kapu moja. Kijana akaona kapu bado lina nafasi, akatia na cha tatu.

Kuna habari nyingine ambazo hazikai kwenye kapu lolote kati ya hayo. Sisi Wamakonde tunayo ya mtu wa kwanza, aliyeishi porini peke yake, haogi wala hanyoi, akachonga mti kwa sura ya binadamu na kuusimamisha karibu na malazi yake. Usiku mti ukawa mwanamke. Wakashuka mtoni wakaoga, na mtoto wao wa kwanza hakuishi. Wakahamia juu kidogo, wa pili naye hakuishi. Wakapanda tena hadi kwenye kichaka kinene cha juu, na wa tatu akaishi. Mjerumani Karl Weule alipofika uwanda wetu mwaka 1906 aliikuta ikisimuliwa, akaiandika. Mzee aliyenipa mimi habari hiyo hakusema "uongo njoo", wala hakunitaka niape kwamba mti uligeuka mtu. Alitaka nielewe kwa nini tumejenga juu kabisa, mahali ambapo wanawake walishuka mwendo mrefu kufuata maji, badala ya kukaa bondeni kwenye maji na maradhi. Ukitaka kulinganisha na Biblia kwa haki, linganisha hiyo na Mwanzo sura ya 2, ambapo mtu anafinyangwa kwa mavumbi ya ardhi. Zote mbili zinajibu sisi ni nani na tumefikaje hapa. Tofauti ninayoiona ni kwamba habari ya mti inawaita Wamakonde peke yao, na ile ya mavumbi inamwita kila mwenye masikio.

Sasa tutazame kitenzi, maana hapo ndipo nilipofunguka macho mimi mwenyewe. Ukienda misa ya Jumapili Ndanda utawasikia waumini wakisimama na kusema: "Nasadiki kwa Mungu mmoja". Waanglikana husema "namwamini". Muislamu hutoa shahada, yaani anashuhudia. Haya ni maneno ya mtu anayejifunga mwenyewe mbele za watu, kama shahidi kizimbani au bwana harusi mbele ya wakwe. Na akishajifunga, anadaiwa yeye: aswali hata kama usingizi ni mtamu, afunge, atoe zaka, asamehe aliyemkosea. Katika umri wangu wote sijamsikia mtu akisimama na kusema "nasadiki kwa ndondocha". Husema "wapo". Husema "mimi naogopa kupita pale". Husema "yule anafuga". Ukiuliza imani hiyo inamdai nani, utaona msimulizi hadaiwi kitu. Anayedaiwa ni jirani, na mara nyingi ni yule mjane asiye na mtoto mkubwa wa kumtetea, au mkulima aliyepulizia mikorosho yake salfa kwa wakati akavuna magunia mengi kuliko wenzake.

Mpaka ninaouona mimi unapita hapo. Kuandikwa au kutoandikwa si mpaka, na nitakupa ushahidi wa huku kwetu. Wazee wetu waliomimina unga wa mtama chini ya mti na kuwaita mahoka, yaani mizimu ya wazee, kwa majina hawakuwa na kitabu, lakini walikuwa na wajibu: huwezi kumwita babu kwenye tambiko ilhali umegombana na nduguye aliye hai, mpatane kwanza. Na fikiria mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alisema pepo Hongo amemshukia, akagawa maji ya kugeuza risasi kuwa maji, na watu wakamwendea kwa miguu kutoka mbali kama waendao kuhiji. Mwezi Julai Wamatumbi wa Nandete, kwenye vilima vya Kilwa, waling'oa pamba ya Wajerumani, na vita ya Maji Maji ikaenea hadi huku kusini. Wapiganaji walikatazwa kupora, walikatazwa kulala na wanawake. Makabila ambayo hayakuwa na ada ya kwenda pamoja yalikwenda pamoja. Risasi hazikugeuka maji. Kinjikitile alinyongwa mapema, Agosti ya mwaka huohuo, na vita ilipokwisha mwaka 1907 Wajerumani wenyewe walikadiria vifo kufika 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha 300,000, wengi wao kwa njaa. Ninapowakumbuka hao siwezi kuiita imani yao uvumi. Ilimdai aliyeiamini, na alilipa mwenyewe kwa mwili wake.

Wala usidhani ukuta kati ya maandiko na mila hauna nyufa. Watafsiri wa Biblia walipofika kwa yule mtu wa Wagerasi, Marko sura ya 5, walihitaji neno la kukiita kilichomkaa. Wakachukua "pepo", lile lile la ngoma za kupunga pepo pwani. Shetani alikuja upande wa pili, kutoka Kiarabu. Akakaa kwenye Kurani na kwenye Biblia zetu, kisha akapanda hadi kwa wachongaji wa Kimakonde, na tangu miaka ya 1950 mchongaji Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha vinyago vya mpingo tunavyoviita mashetani. Ukivitazama, na jicho moja na viungo vilivyopinda, unaona jina la maandiko limevaa mwili wa mila. Hapo kwenu Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi kuanzia 1926 hadi 1944, alilichukua jando lenyewe akaliingiza kanisani, na sala zikakaa pale zilipokuwa dawa za ngariba.

Na katika swali lako umemweka jini sahani moja na chunusi. Ukisema hivyo darasani, nusu ya wanafunzi wako watakuona umewatukania Kitabu, nao watakuwa na haki. Kurani ina sura nzima, ya 72, inayoitwa Al-Jinn. Inasema miongoni mwa majini wapo wema na wapo wasio wema, na mahali pengine, sura ya 51, inasema wao na watu waliumbwa wamwabudu Mungu. Muislamu hawezi kukuruhusu umwite jini ngano. Lakini soma tena kwa makini kilichomo, kisha sikiliza kinachosemwa mtaani. Sura ya 72 haimtaji tajiri wa korosho anayemfuga jini chumba cha uani ili amletee fedha. Haisemi jini huyo ana bei, wala kwamba mtoto wa jirani aliugua kwa sababu yake. Nyongeza hizo hazina aya. Wanafunzi wako Waislamu waonyeshe kwamba mpaka ninaousema unapita ndani ya habari za jini mwenyewe: upande mmoja kiumbe anayewajibika kwa Mola wake, upande wa pili tuhuma ya kumtupia mtu.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu niliishi nalo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Lindi vijijini, watu walikuwa wanafunga milango kabla ya magharibi. Simba walikuwa wanakula watu. Watafiti waliojumlisha matukio tangu 1990 walichapisha mwaka 2005 kwamba simba wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi 308, na mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa walioumia sana. Kwenye misiba nilisikia maneno yaleyale: huyu si simba wa Mungu, huyu katumwa. Na waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wanauliza maswali ya mtu mwenye akili. Mbona ameruka nyumba tatu akaingia ya nne? Mbona usiku ule, na si wa jana yake? Mbona amemchukua huyu mwanangu aliyelala katikati yetu?

Baadhi ya maswali hayo yana majibu. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mazao, wakulima wakahamia madunguni kulinda mahindi na mpunga, na simba, ambao wanyama wao wa kawaida walikuwa wamepungua, waliwafuata nguruwe hadi shambani wakamkuta mtu amelala kwenye kibanda cha nyasi. Mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno. Yalizidi pia katika siku zinazofuata mwezi mpevu, kwa kuwa siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na saa za mwanzo za usiku, watu wakiwa bado nje, ni giza tupu, na simba ana njaa ya usiku wa mbalamwezi ambao haukumfaa kuwinda. Aliyesema "huyu simba anachagua siku" alikuwa ameona kitu cha kweli kabisa.

Swali lisilojibiwa na mtafiti yeyote ni lile la mwisho: kwa nini mwanangu mimi. Na hapa, mwalimu, ndipo maandiko na ndondocha vinapokaribiana kuliko mahali pengine popote, kwa sababu vyote viwili vinathubutu kusogelea swali hilo. Ila tazama vinavyoondoka nalo. Uvumi hujibu kwa kutaja jina. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Muidumbe nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003, umati uliwaua watu waliodaiwa kuwaunda simba kwa uchawi. Maandiko nayo yana mtu aliyepoteza watoto wote siku moja: Ayubu, Nabii Ayubu kwa Waislamu. Katika Biblia rafiki zake wanakuja, wanakaa naye, kisha wanaanza kutafuta mkosaji, na mkosaji wanayempata ni Ayubu mwenyewe. Sura ya 42 Mungu anawakasirikia hao rafiki waliokuwa na jibu. Ayubu haelezwi sababu. Hapewi jina la mchawi, hapewi nyumba ya kwenda kuchoma. Nimekisoma kitabu hicho kwenye misiba miwili ya simba, na sijui maandishi mengine yanayoweza kukaa na mama wa marehemu bila kumwumiza mama mwingine.

Utaniambia: mbona maandiko nayo yameua? Ni kweli, na usimfiche kijana. Kutoka 22:18 pana amri kwamba mwanamke mchawi asiachwe aishi, na Ulaya, katika karne za uwindaji wa wachawi, waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 40,000 na 60,000, mara nyingi mstari huo ukiwa mkononi. Lakini pia alikuwapo padre Mjerumani, Friedrich Spee, aliyeandika mwaka 1631 kuzipinga kesi hizo. Aliandika kama padre, na mateso ya kuwalazimisha watu wakiri ndiyo aliyoyashambulia. Maandiko yana uzito huo: ukiyainua kumpiga mwenzako, mtu mwingine anaweza kufungua ukurasa wa pili akakuzuia. Kumbukumbu la Torati 19:15 linakataa ushahidi wa mtu mmoja. Kurani 49:6 inaamuru habari ikiletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe, msije mkawadhuru watu kwa kutojua kisha mkajuta. Uvumi wa ndondocha hauna ukurasa wa pili. Ukimbana anayeusimulia, anasema alisikia kwa shemeji. Ukienda kwa shemeji, alisikia Tandahimba. Ukifika Tandahimba wanakwambia ilikuwa Masasi.

Basi ukirudi darasani, usidhihaki chochote. Nilipokuwa mdogo nilikimbia lipiko, yaani mcheza ngoma aliyevaa kinyago cha Kimakonde, likija kwenye ngoma, nikajificha nyuma ya bibi nikitetemeka, kwa kuwa tuliambiwa ni mfu aliyefufuka. Jandoni tukaonyeshwa aliyemo ndani ya kinyago. Sivunji siri, vinyago hivyo viko makumbusho na vimeandikwa sana. Ninachotaka ujue ni kwamba hakuna aliyecheka siku ile. Hofu ilitoka, heshima ikabaki, na tulipotoka tulicheza ngoma ile ile. Mwanafunzi anayeogopa ndondocha anahitaji kuongozwa namna hiyo. Ukimcheka ataacha kukuambia, ataendelea kuogopa.

Kijana wako mjibu hivi: malaika sijamwona, na ninapomwamini ninajifunga mimi, sasa niambie ndondocha anamfunga nani. Mwache alifikirie usiku mmoja. Kisha mpe kazi, yeye na wenzake. Wengi wao wana bibi au babu aliyekuwa shambani miaka ile ya simba. Wakawaulize: simba alikuja mwezi gani wa mavuno, mwezi wa angani ulikuwa umechomoza au bado, waliochukuliwa walikuwa wamelala nyumbani au dunguni, nani alitajwa kuwa amemtuma, na aliyetajwa alikuwa nani kwa aliyemtaja. Kila jibu liwe na jina la kijiji na liandikwe kama lilivyotamkwa, bila jina la mtuhumiwa. Mkishayakusanya, niandikie tena. Natamani sana kuyasoma.